Fundo Liko Wapi? Manyoya ya Sungura wa Sufu na Yanayoyasumbua

Mara ya kwanza nilipompeleka sungura wangu kwa daktari wa mifugo nilikuwa na swali moja tu: nimnunulie shampuu gani? Alikuwa dume chotara wa Angora, wale sungura wa sufu ndefu, na manyoya yake ya nyuma yalikuwa yameshikana kama zulia lililomwagikiwa uji. Daktari, mzee ambaye nadhani umri wake mwingi uliishia kwenye ng'ombe, hakunijibu. Aliniuliza, "Binti yangu, fundo liko wapi?" Nikamwambia liko chini ya mkia. "Basi hilo si suala la manyoya. Anakula nini?"

Tangu siku hiyo sianzi na brashi. Naanza na mahali. Fundo la nyuma ya sikio lina maana yake, la kidevuni lina yake, la chini ya mkia lina yake kabisa, na ukikosea kulisoma utachana mwezi mzima huku tatizo lenyewe likikua.

Ninaposema sungura wa sufu namaanisha Angora wa aina zote, yule mdogo wa Jersey Wooly, yule sungura aitwaye simba (Lionhead) mwenye manyoya marefu shingoni, na machotara wao, ambao ndio wengi niliowaona huku Arusha. Sufu ya Angora hukua kama sentimita 2 hadi 3 kwa mwezi. Angora wa Kiingereza hupukutisha kila baada ya miezi mitatu au minne hivi. Wa Kijerumani hapukutishi, sufu yake huendelea kurefuka tu mpaka umnyoe. Kwa hiyo kabla ya lolote ujue wako ni wa kundi gani, maana wa pili ukimsubiri apukutishe utasubiri sana.

Nyuma ya masikio, kwapani, kinenani

Hapa kwa kawaida hakuna ugonjwa. Ni sehemu ambazo ngozi husuguana na ngozi, na sufu laini ikisuguliwa hugandamana kama kitambaa cha tarabushi. Kinachosababisha ni kuchana juu juu. Brashi inateleza, sungura anapendeza, mwenye naye anajipongeza, kumbe chini kabisa mkeka umeshasukwa. Jipime hivi: puliza kwa mdomo. Manyoya yakigawanyika ukaiona ngozi, umechana. Usipoiona, bado.

Anza na kitana cha chuma chenye meno mapana, kisha chenye meno ya karibu karibu, na brashi ya waya iwe ya mwisho kwa mkono mwepesi kwa sababu ngozi ya sungura ni nyembamba na hukwaruzika upesi. Angora anahitaji mara mbili au tatu kwa wiki. Simba humtosha mara moja, ila akianza kupukutisha iwe kila siku.

Fundo likishakuwepo usilivute. Libane kwenye shina kwa vidole viwili, ili mvuto wote uishie vidoleni mwako na usifike kwenye ngozi. Nyunyizia wanga wa mahindi kidogo, ule wa kutengenezea kastadi, ukiukinga usimfikie puani, halafu fumbua kuanzia nchani kurudi shinani. Poda ya watoto achana nayo, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

Likiwa gumu kama kizibo, kata. Lakini hapa ndipo nilipojeruhi sungura kwa mkono wangu mwenyewe. Nililiinua fundo kwa mkono wa kushoto na kupitisha mkasi chini yake. Sikujua kwamba ngozi huinuka pamoja na fundo kama hema linavyoinuliwa na mti wake. Nilikata kipande cha ngozi cha ukubwa wa ukucha. Hakutoa sauti, sungura hustahimili maumivu kimya kimya, na mimi nilijua nilipoona damu. Siku hizi napenyeza kitana katikati ya fundo na ngozi, nakata juu ya kitana. Mkasi uwe wa ncha butu.

Usimalize mafundo yote siku moja. Dakika 10 au 15 zinatosha, kisha mpe jani la mchicha na umwache. Mweke juu ya meza iliyotandikwa gunia au taulo asiteleze, na sehemu yake ya nyuma iwe imeshikiliwa muda wote, kwa kuwa sungura anaweza kuvunja uti wa mgongo kwa teke lake mwenyewe. Kuna wanaomlaza chali, akatulia, wakadhani anastarehe. Huo ni utulivu wa mnyama aliyejiona ameshakamatwa na mbwa. Kwa tumbo, mlaze kiubavu mapajani, au mwombe mtu akusaidie kumshika.

Kama wako yuko kati ya miezi mitatu na sita na unafumbua fundo leo, kesho limerudi, pumua. Koti la utotoni ni laini kama pamba na hushikana hata akilala tu. Akishabadilisha, koti la ukubwani huwa na nywele za ulinzi, zile ndefu na ngumu za juu, nyingi zaidi na kazi hupungua.

Na kumwogesha? Hapana. Sufu iliyolowa hukaza mafundo maradufu, hukauka polepole mno, na sungura akiingizwa kwenye beseni anaweza kupatwa na mshtuko wa kumuua. Penye uchafu safisha hapo hapo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, ukaushe mpaka shinani. Wafugaji wa maonyesho hutumia blowa ya upepo usio na joto kupuliza vumbi na nywele zilizokufa, na inafanya kazi nzuri, mradi umzoeshe mlio wake taratibu. Mashine ya saluni yenye joto usiisogeze.

Chini ya mkia

Hapa nakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo sungura wa sufu wanapopotea.

Sungura ana vinyesi viwili. Kuna vile vidonge vikavu unavyofagia kila siku, na kuna kile laini kinachong'aa, kilichoshikana kama kichala cha forosadi, ambacho hukila moja kwa moja kikitoka. Kina vitamini na protini alizotengenezewa na vijidudu vya tumboni mwake, kwa hiyo ni chakula halali na usimzuie. Ukikikuta kimepondekapondeka kwenye manyoya maana yake hakukila. Swali linakuwa: kwa nini?

Jibu la kwanza ni chakula. Pumba nyingi, peleti bila kipimo, mkate, ugali uliobaki, ndizi kila jioni kwa sababu "anazipenda jamani". Vyote hivi hufanya kile kichala kiwe rojo. Majani makavu ndiyo yawe chakula chenyewe, kama asilimia 80 ya anachokula kwa siku, mbele yake usiku na mchana. Nyasi ya Rhodes iliyokaushwa vizuri inafaa sana, na ukikosa, nyasi za kawaida ulizozianika mwenyewe kivulini zitafaa mradi hazina ukungu. Peleti zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wangu nilimpunguzia pumba taratibu kwa muda wa wiki mbili, siyo ghafla, na nyuma yake pakakauka bila shampuu yoyote.

Jibu la pili ni mwili. Sungura mnene hafiki. Papasa mbavu zake: uzihisi kama vidole chini ya shuka nyembamba, usizitafute kama vidole chini ya godoro. Sungura mzee naye anaweza kuwa na viungo vinavyouma, anataka kujikunja ila hawezi. Huyo daktari anaweza kumpa dawa ya maumivu, nawe unabaki na kazi ya kumsafisha.

Jibu la tatu ni mkojo. Manyoya yakiwa ya njano, yamelowa, na ngozi ya katikati ya mapaja imekuwa nyekundu, tazama kwanza sakafu ya banda: je, analala kwenye unyevu? Kama sakafu ni kavu, tazama mkojo wenyewe. Ukiwa mzito mweupe kama chokaa, kibofu kina mashapo ya kalisi (kalsiamu). Punguza lusina (alfalfa), ongeza maji na majani mabichi, na umpeleke apimwe.

Tofautisha haya yote na kuhara kwa kweli, yaani maji matupu bila vidonge vikavu popote bandani. Huko si kwenye mwongozo huu. Ni dharura, na kwa mtoto wa sungura ni dharura ya saa.

Kinachofanya nyuma pachafu pawe hatari ni nzi. Nzi wa kijani hutaga kwenye manyoya machafu yenye unyevu, mayai yake ni kama punje ndogo za mchele mweupe, na huanguliwa ndani ya siku moja au pungufu. Funza wake hula ngozi ya mnyama akiwa hai. Umemlisha asubuhi yuko mzima, jioni ya kesho yake unamkuta amelegea. Kipindi cha mvua na joto nageuza kila sungura nikague nyuma asubuhi na jioni, na eneo linalozunguka njia ya haja nalinyoa fupi, upana wa kiganja, mwaka mzima. Ukiona mayai, yatoe kwa kitana cha chawa hapo hapo. Ukiona funza, watoe kwa kibanio wale unaowaona kisha nenda kwa daktari siku hiyo hiyo bila kungoja kesho, maana wale usiowaona wameshaingia ndani, na sumu inayotokana na vidonda hivyo huua haraka kuliko vidonda vyenyewe.

Kuna pia yule nzi wa maembe anayetulazimisha kupiga pasi hata soksi zilizoanikwa nje. Hutaga kwenye mchanga na matandiko yenye harufu ya mkojo, na lava wake huingia ngozini akatengeneza jipu lenye tundu dogo juu. Kwenye sungura wa manyoya marefu jipu hilo hulioni kabisa, utalipata kwa vidole tu. Usilikamue kwa nguvu, lava akipasukia ndani panaoza.

Kidevu, shingo, na mikono

Kidevu kilicholowa udenda karibu kila mara ni meno. Meno ya sungura hayaachi kukua, ya mbele huongezeka milimita 2 hadi 3 kwa wiki, na ya nyuma nayo hukua. Asipotafuna majani magumu ya kutosha, magego huota ncha zinazochoma ulimi au shavu. Utamwona anasogelea chakula, anakinusa, anaondoka. Usimkate meno ya mbele kwa kikata kucha hata kama fulani alifanya na hakikutokea kitu, maana jino hupasuka kwa urefu hadi kwenye mzizi.

Kama udenda haupo lakini mkunjo wa ngozi chini ya shingo ya jike umelowa, ni bakuli la maji. Nunua lenye kimo zaidi au tumia chupa ya maji ya kunyonyea. Manyoya ya hapo wakati mwingine hugeuka rangi ya kijani au buluu, na mtu akashangaa nani kampaka wino: ni bakteria wanaopenda unyevu, na pale panahitaji kunyolewa, kukaushwa na kutibiwa.

Mikono ya mbele kushikana upande wa ndani ni mafua. Sungura hufuta pua kwa mikono, kama mtoto afutavyo kwa mkono wa shati. Inama mpaka pua yako iwe kimo cha pua yake ndani ya banda. Mkojo ukikuchoma puani, yeye anavuta hewa hiyo saa 24. Safisha, fungua hewa, na kamasi likiwa zito jeupe umpeleke kwa daktari. Usimpe kapsuli za amoksilini za binadamu. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura na zinaweza kumuua naye.

Mba, vipara na kujikuna

Mba mwingi katikati ya mabega na juu ya mkia, nywele zikitoka kwa vishungi ukizivuta kidogo: shuku utitiri wa manyoya. Chambua mba huo juu ya karatasi nyeusi, uache kama dakika moja, utazame kwa kioo cha kukuzia. Mba unaotembea si mba. Utitiri huu humhamia binadamu pia na kumwachia vipele mikononi na tumboni, kwa hiyo ukianza kujikuna baada ya kumbeba, umeshapata jibu nusu.

Maganda mazito ya kahawia ndani ya sikio ni utitiri wa sikio. Usiyabandue, yanauma vibaya, yatadondoka yenyewe dawa ikifanya kazi. Maganda ya kijivu puani, midomoni, kwenye ncha za masikio na vidoleni ni upele. Kipara cha mviringo chenye magamba, hasa kichwani au miguuni, huenda ni choa, na watoto wa nyumbani wasimguse mpaka atibiwe.

Kuhusu dawa nina maneno mawili. La kwanza: matone ya mbwa ya kuua viroboto yenye fipronil yasimguse sungura. Niliwahi kuuziwa hayo dukani na kuambiwa "mnyama ni mnyama tu, dada". Sungura anaweza kufa kwa dawa hiyo. La pili: ivermectin inafaa, lakini ile chupa ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, wakati kipimo cha sungura huwa kati ya miligramu 0.2 na 0.4 kwa kilo. Sungura wa kilo 2 anapata mililita 0.04 hadi 0.08. Hicho ni kitone. Kukikadiria kwa macho ni kucheza kamari, kwa hiyo mwache daktari apime, na arudie baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu dawa haiui mayai.

Kifua kitupu, au manyoya yaliyokatwa kama kwa mkasi

Jike anayejinyonyoa kifua na tumbo na kubeba nyasi mdomoni anatengeneza kiota. Mimba yao ni siku 31 hivi, hesabu. Kama hajakutana na dume, ni mimba ya uongo, itaisha ndani ya wiki mbili na nusu hivi, mwachie kiota chake. Manyoya yaliyokatwa sawasawa yakabaki mashina yametafunwa. Kama yuko peke yake, hana nyasi za kutosha au hana la kufanya. Kama wako wawili, mwenye koti zuri ndiye mshukiwa.

Vidonge vimeunganika kama shanga

Wakati wa kupukutisha utaona vinyesi vimefungamana kwa nywele kama shanga kwenye uzi. Sungura hawezi kutapika kama paka, kila anachojilamba lazima kipite. Shanga zikiwa kubwa na anakula vizuri, ongeza nyasi kavu, maji na kuchana. Zikiwa ndogo, ngumu, zimepungua, tumbo linajitayarisha kusimama. Akipitisha saa 12 bila kula wala kunya, hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa sikukuu.

Nitaambiwa nimpe nanasi au papai. Vimeng'enya vya matunda hayo huyeyusha protini nyingine ila unywele haviuyeyushi, na sukari yake huchachua tumbo ambalo tayari limechoka. Nywele zenyewe mara nyingi siyo chanzo: tumbo limepungua mwendo kwa kukosa nyuzinyuzi na maji, nywele zikakauka ndani. Na daktari akitaka kumlaza kwa ganzi, usimfungishe kula usiku kucha kama mbwa.

Joto

Sungura wa sufu Lushoto, kwenye baridi ya milimani, na sungura wa sufu Tanga mjini, pwani, si wanyama wanaoishi maisha sawa. Joto likipita nyuzi 28 huanza kuhangaika, na sufu ya sentimita 8 ni blanketi asiloweza kulivua. Anahema kwa kasi, pua imelowa, masikio ya moto, amejinyoosha sakafuni. Lowesha masikio kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, mpeleke kivulini penye upepo, mwekee chupa ya maji yaliyogandishwa uliyoifunga kwa kanga. Akiyumba au kulegea, nenda kwa daktari.

Mkaaji wa pwani asione aibu kunyoa. Acha sentimita 2 hivi, usifike kwenye ngozi, maana jua litamuunguza na usiku utampiga baridi. Nyoa kila miezi mitatu, kuanzia mgongoni kushuka ubavuni, ngozi ikiwa imenyooshwa kwa mkono mwingine, na uwe mwangalifu zaidi kwenye chuchu za jike. Wiki chache baadaye manyoya yataota kwa viraka, kisiwa hapa, kipara pale. Mimi mara ya kwanza nilikimbilia kwa yule mzee nikidhani ni choa. Akaniuliza nilimnyoa lini, akacheka, akanirudisha nyumbani.